Mlinzi wa Mwangwi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imezoeleka kutajwa mbele ya wenye maduka na watunza hazina, kana kwamba mali ni fedha na bidhaa peke yake. Katika makala haya tungependa kuitaja mbele ya watu wa sanaa, hasa wale waliokabidhiwa vyombo vya muziki vya vikundi vyetu. Sababu yenyewe kwa umbo ni ndogo mno: ni kubadilisha betri inayotunza kumbukumbu ndani ya mtambo wa madoido ya sauti. Betri hiyo haizidi upana wa sarafu. Lakini kilichokuwa kikilindwa nayo, katika kikundi tunachokijua sisi, kilikuwa kazi ya miaka mingi ya fundi ambaye hayupo tena duniani.

Yafaa kwanza tueleze mtambo huo ni kitu gani, maana wasikilizaji wengi wameusikia bila kuuona. Sauti ya mwanadamu haiimbi peke yake. Huimba pamoja na mahali. Mwenye kuimba uwandani, sauti yake huondoka isirudi. Mwenye kuimba chini ya dari la mawe, sauti yake hugonga kuta na kumrudia, ikawa kama kwamba nyumba nayo inaitikia. Waimbaji wa zamani hawakuwa na haja ya kuyaandika hayo. Walijua baraza ipi inaipendeza kasida na ua upi unaifaa ngoma. Zilipokuja studio, kuta zake zikafunikwa ili sauti isirudi hovyo, na mafundi wakalazimika kubuni mahali pasipokuwapo.

Walibuni kwa njia nyingi. Mwaka 1957 kampuni ya EMT ya Ujerumani ilitoa mtambo wenye bamba kubwa la chuma lililotundikwa ndani ya sanduku, uzito wake ukikaribia kilo 270; sauti ilitikisa bamba, na mtikisiko ule ndio uliokuwa mwangwi. Wengine walitumia utepe wa sumaku: sauti hunaswa kwenye utepe, kisha husomwa tena kitambo kidogo baadaye. Copicat ya Watkins ya Uingereza, iliyotokea mwaka 1958, na Space Echo ya Roland ya Japani, iliyotokea mwaka 1974, ni za ukoo huo. Halafu mwaka 1976 EMT hao hao wakatoa mtambo uliofanya mwangwi kwa hesabu za tarakimu tu, bila bamba wala utepe. Haukupita muda mrefu, na katikati ya miaka ya 1980 Yamaha ya Japani ikatoa SPX90, chombo chembamba cha kuingia kabatini pamoja na mitambo mingine, ambacho hata vikundi visivyo na fedha nyingi viliweza kukipata, kikiwa kipya au kimekwisha tumika. Kikundi tunachokizungumzia, kikundi cha taarabu na utenzi katika mji mmoja wa mwambao wa Tanga, kilipata chake kikiwa kimetumika.

Sasa tufike kwenye kiini. Mitambo ya zamani haikukumbuka kitu. Fundi aligeuza vifundo kwa mkono, na onyesho likiisha mipango yake ilibaki kichwani mwake. Mtambo wa tarakimu hukumbuka, lakini hukumbuka kwa namna mbili. SPX90 ina nafasi 90 za kumbukumbu. Nafasi 30 za mwanzo zilijazwa na kiwanda, nazo zimeandikwa katika kumbukumbu ya kudumu. Uzime umeme, ukae miaka, ukiwasha utazikuta kama zilivyotoka Japani. Nafasi 60 zinazobaki, kuanzia ya 31 hadi ya 90, ni za mwenye mtambo. Humo ndimo fundi anamoweka mipangilio yake mwenyewe, akaipa na majina. Lakini nafasi hizi 60 zimo katika kumbukumbu ya namna nyingine, ile isiyoweza kushika neno bila umeme. Umeme wa ukutani ukizimwa, betri ndogo iliyomo ndani hushika zamu, ikalisha kumbukumbu hiyo kwa mkondo mdogo mno hadi mtambo uwashwe tena. Ni mlinzi wa usiku asiyelipwa wala kutajwa jina.

Betri ya kazi hii ambayo ni rahisi kupatikana ni ile bapa iitwayo CR2032: ya lithiamu, volti 3, kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. Uwezo wake ni karibu miliampea 220 kwa saa moja. Tuseme kumbukumbu inakula mikroampea 2 tu. Gawanya, utapata saa 110,000, yaani miaka 12 na nusu. Hesabu hii ni ya kielelezo, maana betri hupungua nguvu hata ikiwa haitumiki, na joto la mwambao haliipi nafuu. Hata hivyo yatosha kutuonyesha hatari ilipo. Jambo linalodumu mwaka mmoja watu hulikumbuka; jambo linalodumu miaka 12 hulisahau, kwa kuwa aliyelianzisha amekwisha hamishwa, amestaafu, au amezikwa.

Na tuzingatie mgawanyo wenyewe. Cha kiwanda hakifi. Kinachokufa ni kile tulichokitia sisi. Mtambo ukipoteza kumbukumbu hauwi bubu: utaendelea kutoa mwangwi wa ukumbi mkubwa, wa chumba na wa bamba, kama walivyoupima mafundi wa mbali kwa masikio yao. Msikilizaji asiyejua atadhani hapakuharibika kitu. Huu ndio upotevu wa siri kuliko wote, upotevu usioacha pengo, kwa sababu pengo limejazwa mara moja na kitu cha mwingine.

Fundi mitambo wa kikundi kile alikuwa mzee mpole, mwenye desturi ya kufumba macho asikilizapo. Katika mtambo aliacha mipangilio 14. Aliipa majina ya mahali: Barazani, Kisimani, Ukumbini, Darajani, Bandarini Usiku, na mengineyo. Hakuwahi kutunga ubeti hata mmoja, lakini sisi tulio na mazoea ya kutunga twakiri kwamba alijua utungaji. Katika Barazani, mwangwi ulidumu chini ya sekunde moja na sauti zake kali zilikatwa, kwa sababu baraza ya mawe ina mikeka na watu, nao hula sauti. Alikuwa akienda mahali penyewe, akapiga kofi moja, akasikiliza, akarudi kugeuza tarakimu. Waimbaji walizoea. Mmoja wao alituambia kwamba akipewa Barazani husimama wima, na akipewa mwangwi mwingine wowote hujihisi kama mgeni katika nyumba ya watu.

Miaka michache baada ya mzee yule kufariki, mtambo ulianza kuonyesha onyo kwamba betri imekwisha nguvu. Habari ikaletwa kwetu, kwa kuwa tulikuwa tukishughulikia mambo ya utamaduni wilayani. Ushauri wa kwanza uliotufikia ulitoka kwa mwenzetu wa ofisini, mtu mwema asiyetaka kikundi kiingie gharama. Alisema, "Si ina mwangwi 30 wa kiwandani? Kwa kikundi cha mji mdogo, 30 si haba." Hatukumlaumu. Ukilitazama jambo kwa jicho la hesabu ya vitu, alikuwa na haki: 30 ni zaidi ya 14. Lakini tulimwuliza kama naye angekubali tumwondolee mashairi ya babu yake yaliyomo katika daftari la nyumbani, tumpe badala yake kitabu kinene cha mashairi ya watu wengine. Alicheka, akatia sahihi ombi la ununuzi.

Kazi iligawanyika sehemu tatu, na ya kwanza ndiyo iliyo kubwa: kunakili. Mtambo wenye betri dhaifu usiondolewe betri kabla ya kilichomo kuandikwa mahali pengine. Iko mitambo inayoweza kupeleka kumbukumbu yake nje kwa waya wa MIDI, utaratibu wa kuunganisha vyombo vya muziki ulioanza mwaka 1983. Mwenye waya na kompyuta na autumie. Sisi tulikuwa na daftari la mistari na kalamu mbili. Jioni tatu tulikaa na katibu wa kikundi, yeye akibonyeza na kusoma, sisi tukiandika: nafasi namba fulani, jina, aina ya mwangwi, muda wa kudumu kwa sekunde, kuchelewa kwa milisekunde, mahali sauti kali zinapokatwa, mahali sauti nzito zinapokatwa, kiasi cha sauti iliyorembwa na kiasi cha sauti tupu. Kisha tukabadilishana, sisi tukasoma na yeye akahakikisha. Katika kunakili namna hii mtu humfahamu marehemu kuliko alivyomfahamu akiwa hai. Tuliona, kwa mfano, kwamba hakuna mpangilio wake hata mmoja uliozidi sekunde tatu. Alipenda mwangwi unaoondoka kabla neno linalofuata halijafika. Alikuwa akiheshimu maneno.

Mipangilio 13 tuliikuta salama. Wa 14, Kisimani, ulikuwa umekwisha haribika: jina limegeuka alama zisizosomeka, na tarakimu zake hazikupatana. Betri inapopungua nguvu, kumbukumbu haiondoki yote kwa pamoja. Huweza kuoza sehemu sehemu, kama daftari lililoingiwa na mchwa. Tuliandika namba ya nafasi hiyo na kuiachia mistari mitupu.

Sehemu ya pili ilikuwa ya fundi, kijana aliyekuwa akitengeneza redio na simu karibu na soko. Alikuja na chuma cha kulehemu, bisibisi, na mita ya umeme. Baada ya kutuamkia, akashauri njia ya mkato.

"Mzee, tuiache imewashwa nikibadilisha. Umeme wa ukutani ukiwapo, kumbukumbu haipotei."

"Ndani humo mna volti ngapi, mwanangu?"

"Zinazoingia ni 230."

"Basi izime. Sauti tumekwisha zinakili. Wewe hatujakunakili popote."

Akacheka, akachomoa waya, nasi tukangoja kwa muda ili umeme unaobaki katika kapasita upungue. Baada ya kufungua kifuniko aligusa kwanza chuma cha sanduku, ili umeme tuli wa mwilini usiziumize chipu. Betri ya zamani ilikuwa imelehemewa moja kwa moja kwenye bodi kwa vibati viwili. Mita ikaonyesha kwamba volti zake zilikuwa zimeshuka mno chini ya tatu. Akaitoa kwa subira, akikilegeza kibati kimoja kimoja, pasipo kuichoma betri yenyewe kwa chuma cha moto, maana betri ya lithiamu ikipashwa moto huweza kupasuka. Mahali pake hakulehemu betri nyingine. Alilehemu kikalio kidogo, betri mpya ikachomekwa humo, upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa mahali pake. Tulipomwuliza sababu ya kikalio, alijibu kwa maneno ambayo tumeyatafakari mara nyingi tangu siku ile: "Atakayekuja baada yangu huenda hana chuma cha kulehemu." Betri ya zamani aliifunga kwa utepe wa plastiki na kuiweka juu ya kabati, kwa kuwa mtoto akimeza betri ya namna hii yaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili.

Mtambo ulipowashwa, kuanzia nafasi ya 31 hakikuwapo kitu cha mzee yule. Tulilitazamia hilo, na hata hivyo chumba kilikuwa kimya kwa muda. Ndipo ikaanza sehemu ya tatu, kurudisha. Jina kwa jina, tarakimu kwa tarakimu, 13 zikarudi kutoka daftarini.

Ikabaki Kisimani. Tukamwita mwimbaji mkongwe wa kikundi, bibi aliyeimba na fundi yule tangu mwanzo. Hakujua milisekunde ni nini wala hakuhitaji kujua. Katibu akampa mwangwi wa kubahatisha. Bibi akaimba mstari, akatikisa kichwa. "Huu unanikanyaga. Ule wa marehemu ulikuwa ukinisubiri nivute pumzi, ndipo unajibu." Tukaurefusha muda wa kuchelewa. "Sasa unajibu kwa sauti ya juu kuliko mimi. Kisima hakimpigii mtu kelele." Tukapunguza, tukakata sauti kali. Kazi ikachukua karibu saa moja. Mwishoni bibi akaimba ubeti mzima bila kusimama, kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga na kusema, "Amekaribia." Hakusema ndiye. Tukaziandika tarakimu zile, na pembeni tukaandika kwamba Kisimani hii ni ya masikio ya bibi, si ya mkono wa fundi, ili asije mtu akadanganyika.

Neno lile "amekaribia" linatukumbusha hali ya ushairi wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Beti zake nyingi zilikuwa zikiishi vinywani mwa watu, nazo zingeweza kuzikwa pamoja na vinywa hivyo. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya kwa wajuzi wa mji wake na kushirikiana na Mwingereza W. E. Taylor katika kuzihifadhi kwa maandishi. Mwaka 1940, miaka 100 tangu kifo cha mshairi, William Hichens akaichapisha diwani. Leo mwanafunzi anayemsoma Muyaka darasani anasoma kazi ya watu waliowahi. Beti ambazo hazikuwahiwa hatuwezi kuzihesabu, maana aliyezijua alikwenda nazo.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuhifadhi utamaduni wa taifa, tusifikirie majumba ya makumbusho peke yake. Utamaduni hukaa pia ndani ya vyombo vinavyotumika kila juma, katika vifundo na tarakimu zilizopangwa na watu ambao majina yao hayatangazwi jukwaani. Nao unahitaji matunzo yanayojulikana na kupangiwa siku. Tungependekeza kwa vikundi mambo manne. Kila mtambo wenye kumbukumbu uwe na daftari lake, na mpangilio mpya uandikwe siku ile ile unapoundwa. Tarehe ya kuweka betri ibandikwe juu ya kifuniko, nayo ibadilishwe kabla ya onyo, si baada yake. Daftari liwe na nakala mbili, moja kwa katibu na nyingine ofisini. Na kijana mmoja afundishwe kazi hiyo mikononi, kwa maana daftari halijui kufungua skrubu.

Wako watakaosema kwamba mtambo ni wa Japani, basi sauti yake ni ya kigeni, na kuitunza si kutunza kilicho chetu. Hoja hii twaiheshimu lakini hatuifuati. Yamaha yenyewe chimbuko lake ni matengenezo: mwaka 1887, katika mji wa Hamamatsu, fundi Torakusu Yamaha aliitwa kutengeneza kinanda cha shule ya msingi, chombo chenye asili ya nchi za mbali. Alikifungua, akakielewa, kisha akaunda cha kwake. Chombo hakiulizwi kilizaliwa wapi. Huulizwa kinasema nini na nani amekifundisha. Chombo chetu kilifundishwa na mzee mmoja aliyepiga kofi barazani na kusikiliza.

Kitunze kikutunze, walisema waliotutangulia. Juu ya kifuniko cha mtambo ule sasa pana karatasi ndogo yenye tarehe, saini ya fundi kijana, na maneno machache ya mwandiko wa katibu: "Kabla hujafungua, soma daftari."